Mirija ya hewa ya kayaki: usiitupe, ila usisafiri nayo imejaa

Kaka mmoja mzaliwa wa Tanga, sasa anaishi Victoria kule British Columbia, Kanada, kaniuliza hivi (nimelifupisha): "Nimenunua kayaki ya bahari iliyotumika, nyembamba kweli, futi 17. Imekuja na mirija miwili ya hewa ya kufunga ubavuni, mmoja huku mmoja kule. Jamaa ninaetoka nae kanambia hiyo itupe, ni ya waoga, jifunze kujiinua ukipinduka. Mwengine, mtu mzima, anasema ukitoka bila hiyo unajiua, na walimu wa kayaki wanaficha ukweli ili wauze masomo. Mimi nimekulia kwenye ngalawa, kwangu ndubi (ule ubao wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke) ni ndubi iwe ya mti iwe ya hewa. Nani mkweli?"

Kaka salaam. Hao jamaa zako wamerithi ugomvi wenye umri mkubwa kuliko urafiki wenu. Huku Amerika Kaskazini hiyo mirija wanaiita sponsoni, na katika miaka ya 1990 ilikuwa inauzwa kwa jina la Sea Wings, basi watu walitukanana kwa ajili yake miaka na miaka, wengine wakitaka kila kayaki inayouzwa iwe nayo kama gari inavokuwa na mkanda, wengine wakisema ni kama yale magurudumu madogo ya baiskeli ya mtoto na mtu mzima anaetoka bahari kuu na magurudumu ya mtoto hana kazi huko. Walimu wakaambiwa wanalinda masomo yao, waliokuwa wakiitetea nao wakaambiwa wanauza plastiki. Mimi nafundisha kayaki ya bahari na mirija siuzi, kwa hiyo nusu ya matusi yananihusu, nikuwekee wazi mapema.

Ninavoona mimi wote wawili wanabishana juu ya kitu kisicho na maana sana, yaani mirija ni mizuri au mibaya. Cha kuuliza ni inajazwa hewa saa ngapi na kwa mikono ipi. Ukilijibu hilo mengine yanakaa sawa yenyewe.

Ila kwanza nikuvue hilo la ndubi ni ndubi, kwa sababu na mimi ni mtoto wa pwani na nilianza na kosa hilohilo. Ikumbuke ngalawa vizuri. Ndubi haigusi ubavu wa mtumbwi, iko mbali, imeshikwa na matengo, ile miti mirefu inayotoka pande zote mbili, na ni ubao uliolazwa mshazari ili ngalawa ikikimbia na upepo ubao uteleze juu ya maji na kusukumwa juu, hauelei tu kama gogo. Na upepo ukizidi mnafanyaje? Mtu anatumwa akakae juu ya tengo upande wa upepo. Mimi nilikuwa mtoto mwepesi, nikitumwa sitoshi, wananiongeza mwengine. Uzito wa mtu mmoja tu, lakini kwa sababu kakaa mbali unashinda tanga zima. Huo ndo wenzo, na ngalawa yote imejengwa juu ya wenzo.

Sasa njoo kwenye mirija yako. Tuseme kila mmoja una urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 15, hapo unapata lita 17 na kitu za hewa, yaani ukizamishwa wote unasukuma juu kwa nguvu ya kilo 17 hivi. Sio haba. Lakini umebana ubavuni, kayaki yako upana wake ni kama sentimita 56, kwa hiyo mrija uko sentimita 35 tu toka katikati. Zidisha, ni sawasawa na kuning'iniza kilo 6 kwenye ncha ya fimbo ya mita moja. Sasa chukua ule mfuko wa hewa wa kuvalisha kwenye kafi, ule wa bei rahisi ambao kila mtu anao. Lita 10 tu, mdogo, lakini kafi ukiliweka kukingama juu ya kayaki mfuko unakuwa mita moja na nusu toka katikati, hapo ni kilo 15 kwenye fimbo ileile. Zaidi ya mara mbili, kwa hewa kidogo zaidi! Kwa hiyo kaka, ndubi yako halisi huku ni ule mfuko wa kafi. Mirija sio ndubi, mirija inanenepesha mtumbwi tu.

Na mtumbwi mnene una tabia zake. Watu wanadhani chombo kipana ndo salama popote. Kwenye maji yaliyotulia ni kweli, ukikaa kwenye kayaki pana unaweza ukala chungwa na kupiga picha. Lakini chombo kipana kinataka kulala sambamba na uso wa maji, alafu uso wa maji ukiwa umesimama mshazari kwa sababu ni ubavu wa wimbi, na chenyewe kinalala mshazari na wewe ndani yake. Kayaki nyembamba ya duara haina hamu hiyo sana, wimbi linapita chini, kiuno chako kinacheza, kichwa kinabaki juu ya makalio na maisha yanaendelea. Ukiifunga mirija ikajaa hewa unajinyima hicho kiuno. Kibaya zaidi likija wimbi linalovunjika toka ubavuni, kayaki inasukumwa kando, ule mrija wa upande wa pili unachimba maji na kugeuka bawaba, wewe unafungwa kama mlango. Sisemi kila wimbi litakufanyia hivo, nasema mtu anaejaza mirija asubuhi ufukweni ili asafiri nayo siku nzima kwenye bahari yenye mawimbi hajajiongezea usalama anaodhani. Hapo jamaa yako wa kwanza yuko sahihi, japo sababu yake ya uoga ni ya kijinga. Uoga baharini hauna aibu.

Haya, saa ngapi basi. Watetezi wake wenyewe wengi wanakubali kwamba kazi yake ni baada ya kupinduka. Umeanguka, uko ndani ya maji, unapuliza mirija, unapanda, unafua maji yaliyoingia chomboni, unarudi nyumbani. Kwenye karatasi ni safi. Tatizo ni maji ya huko kwenu.

Tanga ukianguka unaogelea na kucheka, maji nyuzi 26, 27. Mlango wa Juan de Fuca hapo mbele ya Victoria maji yanacheza kati ya nyuzi 8 na 12 mwaka mzima, hata Agosti watu wakiwa na kaptula ufukweni. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambae kajitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kuliko mtu yeyote mwenye akili timamu, anafundisha hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, kwa sababu baridi inakufanya uhemeheme bila kutaka na ukihema kichwa kiko chini ya maji umekwisha, alafu una dakika 10 za mikono na miguu kukutii, alafu kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Watu huwa wanasahau hiyo ya katikati. Wanaogopa kufa kwa baridi baada ya saa nzima, kumbe mikono inastaafu baada ya dakika kumi, na ukiwa na mikono iliyostaafu hata usalie juu saa nzima hupandi tena chomboni.

Sasa iweke mirija ndani ya hizo dakika kumi. Dakika ya kwanza huwezi kupuliza chochote, pumzi yenyewe sio yako. Alafu utafute mkanda, uupitishe chini ya kayaki iliyolala kichwa chini huku mawimbi yanakupiga usoni, ufunge kilipu upande wa pili, uhakikishe haujajipinda, upulize mrija wa kwanza lita 17 kwa mdomo, ufunge valvu, uzunguke upande wa pili au ujivute juu ya tumbo la chombo, upulize wa pili.

Mimi nilijaribu. Mwezi wa tano, ziwani, ufukwe uko karibu, mwenzangu ndani ya kayaki yake pembeni na saa mkononi, mimi nimevaa wetisuti ya nguvu, ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi ya maji, na kofia, yaani mazingira ya kitoto kabisa. Mrija wa kwanza ulijaa vizuri nikajiona bingwa. Wa pili nikaupuliza mpaka nusu, nikawa sizioni ncha za vidole, sio kwa macho, kwa kuhisi, kama vidole vya mtu mwengine vimebandikwa kwangu. Valvu ikaniponyoka, hewa yote ikatoka puuuu. Nikarudia. Ikatoka tena. Mwenzangu akasoma saa, dakika 9, akaniuliza kwa upole kama bado nafundisha somo au sasa naomba msaada. Nikaomba msaada. Akaja, akaishika kayaki yangu ubavu kwa ubavu, akaigeuza ikakaa sawa, nikapanda kwa sekunde zisizofika 60. Mtu mmoja na mikono miwili mikavu kafanya kilichoshindikana kwa vifaa vyote vile. Nilikuwa nimeifunga vibaya, sijaizoea, ndio. Lakini waliowahi kuizoea ni wangapi? Mtu anainunua, anaitia nyuma ya chombo ndani ya mfuko, anajisikia salama, na siku ya kwanza kuipuliza ndani ya maji ndo siku ya maafa yenyewe.

Ndo maana nikasema mikono ipi. Kifaa ambacho hujawahi kukitumia kwa mikono yenye ganzi kihesabu kama huna.

Ila sasa nisiwe kama wale walimu wanaochukia kila kitu walichokuwa hawajakizoea, kwa sababu kuna mahali mirija hii inaushinda ule mfuko wa kafi na hapa jamaa yako mtu mzima ana hoja ya kweli. Mfuko wa kafi unakusaidia kupanda, sawa, umepanda, umekaa. Sasa uko ndani ya kayaki imejaa maji hadi mapajani na yale maji hayakai, ukiegemea kushoto yote yanakimbilia kushoto, ni kama kukaa na mlevi kwenye kiti kimoja. Unatakiwa uondoe mfuko, ushike kafi, ushike pampu, ufue maji, yote hayo na wimbi lilelile lililokupindua bado lipo, halijaenda popote. Watu wengi wanapinduka mara ya pili hapohapo, na ya pili ndo inaua kwa sababu nguvu zimeisha. Mirija ikiwa imejaa pande zote mbili, mikono yako iko huru. Unafua maji taratibu, unatapika kama kichefuchefu kimekushika, unapiga redio, unangoja. Na kama kuna mwenzenu mgonjwa au bega limeteguka, hapo mwenzake anamfungia mirija anampulizia kwa mikono mikavu na pumzi ya kawaida, anafungwa kamba anavutwa mpaka ufukweni akiwa kakaa wima. Kwa kazi hiyo sijaona kitu kizuri zaidi, na mimi kwenye safari ya kundi huwa nabeba seti moja. Moja kwa kundi zima, sio kila mtu.

Kuna jina moja lazima litajwe kwenye mabishano haya, Hannes Lindemann, daktari Mjerumani aliyevuka Atlantiki mwaka 1956 na kayaki ya kukunja ya Klepper, toka visiwa vya Canary mpaka Karibi, siku 72, peke yake. (Mwaka uliotangulia alikuwa kavuka na mtumbwi wa gogo kabisa, huyu alikuwa mtu wa ajabu.) Kayaki zile za Klepper zina mirija ya hewa ndani ya ubavu, na juu ya hiyo yeye alijitengenezea ndubi ya upande mmoja, kafi na nusu ya mpira wa ndani wa tairi la gari. Ukiiona picha utacheka, ni ngalawa ya fundi wa pancha. Basi wanaoipenda mirija wanamtaja kama shahidi wao. Wasichomalizia ni kwamba pamoja na vyote hivyo alipinduka, usiku, akakaa kaning'inia kwenye mgongo wa chombo mpaka kukapambazuka ndo akaweza kukigeuza. Na alikuwa kwenye maji ya kusini, yenye joto. Usiku ule ungekuwa mbele ya nyumba yako Victoria asingeandika chochote.

Na wanaotaka iwe lazima hutaja pia Lyme Bay, Uingereza, tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi wanne walipokufa kwenye safari ya kayaki ya shule, msiba uliozaa sheria ya mwaka 1995 ya kusimamia vituo vya michezo ya vijana. Hapo mimi nawakatalia. Ukiusoma ule mkasa, upepo uliwatoa bahari kuu, vyombo vikajaa maji kwa sababu watoto hawakuvalishwa ile sketi inayoziba tundu la kukalia, hapakuwa na fataki za kuitia msaada na walinzi wa pwani walichelewa mno kuarifiwa. Waliokosewa pale walikosewa ufukweni kabla ya kuingia majini. Ukiwaza mirija pale unasahau mambo manne makubwa yaliyotangulia.

Huyo anaekwambia jifunze kujiinua, yaani kupinduka na kurudi juu bila kutoka chomboni, nae mwambie ahsante na umsikilize, ni ujuzi mzuri mno na unakufanya usitoke kwenye baridi kabisa. Ila mwulize anafanikiwa mara ngapi kwenye mawimbi ya kweli upande asiouzoea. Watu wa Greenland ambao kayaki ni yao na mbinu hiyo ni yao, wengi walizama hivohivo, na nyuma yao walibeba boya la ngozi ya sili, avataq, lililofungwa kwenye kamba ya chusa kwa ajili ya kumchosha mnyama. Hakuna aliyewaita waoga kwa kutembea na mfuko wa hewa.

Kwa hiyo wewe ufanyeje. Kwanza nguo. Hela yako ya mwanzo isiende kwenye kitu kingine, wetisuti nene au bora zaidi draisuti, ile isiyoingiza maji ndani, na laifujaketi mwilini na sio nyuma ya kiti. Sheria ya Kanada, miongoni mwa vingine, inakutaka uwe na laifujaketi, kamba ya kuokolea inayoelea ya mita 15 na kitu cha kutoa sauti kama filimbi, mirija haimo. Ukizoea kuogelea Tanga utaona kama nakudekeza, ila niamini, uogeleaji wa Tanga haufanyi kazi huko. Pili jifunze kupanda kwa msaada wa mwenzako mpaka mfanye bila kusemezana, alafu mfuko wa kafi peke yako, alafu ndo hiyo mirija. Usitoke peke yako mwaka huu.

Mirija yenyewe ifunge ufukweni kabla hujaondoka, mikanda yote imeshapita chini na kubanwa, imelala bapa bila hewa na valvu zinakutazama wewe, ili ikifika siku kazi iliyobaki iwe kupuliza tu. Nenda kwanza kwenye bwawa la kuogelea, huwa wana saa za kayaki majira ya baridi, jaribu mara tano. Alafu fanya jaribio langu la jikoni ambalo mke wangu hulicheka: jaza ndoo maji na barafu, tumbukiza mikono dakika tano, itoe, alafu fumba macho na ujaribu kufungua na kufunga hizo valvu na vilipu. Ukishindwa jikoni, baharini usijaribu. Wengine hubadilisha vilipu vidogo wakaweka vikubwa, na kufunga kamba fupi kwenye kifuniko cha valvu kisipotee.

Na kwa sababu uliyonunua imeshatumika, usiiamini hata ikionekana mpya. Ijaze usiku, iache sebuleni na kitabu kizito juu, asubuhi uangalie. Kitambaa cha namna hii kinachoka kwenye mkunjo, sio katikati, kwa hiyo pakaa maji ya sabuni kwenye mikunjo na shingo ya valvu uone povu. Ikivuja kwenye mkunjo itafutie kiraka na gundi ya boti za mpira, ikivuja kwenye valvu nipigie picha unitumie, nina valvu za zamani mbili tatu kwenye kopo.